Hewani Hakuna Shikamoo

Juma lililopita droni yenu ilipita juu ya kibanda changu mara tatu. Nilikuwa nimekaa nje nachambua mchele. Ikasimama juu ya kichwa changu, ikavuma, nadhani ikapiga picha upara wangu wote, kisha ikaenda zake kwenye majaruba ya mpunga. Baadaye kijana mmoja wenu mwenye fulana ya mradi alikuja kuniuliza kama ni kweli kwamba zamani nami nilikuwa “narusha vitu”. Nikamwambia ndiyo, mwanangu, nilikuwa narusha vitu. Akacheka.

“Babu, ya kwetu inajirusha yenyewe.”

Hongereni sana. Za kwetu zilikuwa zinajiangusha zenyewe, kwa hiyo hatukupishana mbali.

Kwa wasionijua, naitwa Severini, fundi redio mstaafu. Nimekaa kwenye meza ileile karibu na soko la Ifakara miaka mingi kuliko umri wa mama zenu, nikitengeneza redio za watu waliozimwagia chai na kuziangusha kisimani, kisha wakaniletea wakiapa kwamba “imezima tu yenyewe, fundi”. Fundi wa aina yangu hastaafishwi na mtu. Siku moja watu wanaanza kutupa kilichoharibika badala ya kukileta mezani, na wewe unajua kwamba umestaafu. Hakuna keki wala hotuba ya bosi.

Ndege zilianza miaka ya tisini, kwa ukarimu wa mzungu mmoja wa visima. Alipomaliza mkataba akagawa vitu vyake. Watu wenye bahati walipata magodoro na jokofu. Mzee Osmundi, seremala wa madawati na majeneza, akapata sanduku lenye rimoti ya antena ndefu, vimota vinne vidogo, injini mbili za kuenea kiganjani, na dumu la mafuta yake. Akaja nalo mezani kwangu.

“Severini, humu ndani mna redio isiyosema. Hiyo ni kazi yako. Miti ni kazi yangu.”

Hivyo ndivyo kikundi kilivyoundwa. Hatukuandika katiba wala hatukuchagua mwekahazina, ndiyo maana kilidumu. Mzee Osmundi alichonga, mimi nikashughulika na redio, na Eufrasia, fundi cherehani ambaye baraza lake lilipakana na meza yangu, akavisha mabawa kitambaa. Wa nne alikuwa Masanja, mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani. Ng'ombe wake walikula mabua ya mpunga kwenye mashamba tuliyorushia. Siku ya kwanza alitutazama kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini tunatupa mbao nzuri. Siku ya pili alianza kutusaidia kuzitafuta.

Ninyi mnafungua boksi, mnakuta kila kitu na karatasi ya maelekezo kwa lugha kumi. Sisi tulikuwa na kitabu kimoja cha mzungu kilichosema tutumie mti fulani mwepesi wa Amerika. Amerika ilikuwa mbali kidogo. Masika hata Mlimba ilikuwa mbali. Mzee Osmundi akatumia msufi kwa kiwiliwili, akapasua mianzi kwa mabawa, na matairi tukayakata kwenye ndala kuukuu. Pua ikiwa nyepesi tulifunga risasi za nyavu tulizoomba kwa wavuvi wa mto Kilombero. Kumbukeni hilo la pua, hata kama droni yenu haina pua. Shika ndege kwa ncha za vidole chini ya mabawa, theluthi moja kutoka mbele. Ikiinamia mbele kidogo, rusha. Ikiinamia mkiani, usirushe, labda uwe umekuja na gunia la kubebea vipande.

Kwa upande wangu, kabla ya kila safari nilikunja antena, nikamwacha Masanja ameshika ndege, nikatembea hatua thelathini huku nachezesha vijiti vya rimoti. Mkia ukiitika bila kutetemeka, twende. Ukitetemeka, rudi mezani. Siku moja ulitetemeka nikasema ni upepo. Injini yetu moja mpaka leo iko ndani ya kinamasi, na ule upepo sijauona tena.

Gundi nayo ilikuwa ujanja wetu wenyewe. Eufrasia alinyoosha bitana juu ya mianzi akaipaka uji mzito wa muhogo. Ukikauka, kitambaa kinakaza kama ngozi ya ngoma. Tulijisifu siku mbili nzima. Siku ya tatu tukakuta panya wa karakana wamekula bawa la kulia lote, na la kushoto wamebakiza kidogo. Mzee Osmundi akanitazama mimi, kana kwamba panya ni wa idara ya redio.

“Ndege za wenzetu huliwa na risasi,” akasema.

Toka hapo tulichanganya uji na maji ya mwarobaini. Panya wakahamia kwenye kandambili za Mzee Osmundi.

Dumu la mzungu lilipokwisha, kabla hatujapata mtu wa kutuletea mafuta mengine kutoka Dar es Salaam, kuna mtaalamu mmoja alishauri tujaribu gongo. Mtaalamu huyo ni mimi. Nilichanganya na mafuta ya nyonyo kwa kipimo kilekile, nikawasha plagi kwa betri ya tochi, nikazungusha panga la injini kwa kijiti. Msizungushe kwa kidole. Mzee Osmundi alifanya hivyo mara moja, akapiga ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto wiki tatu. Injini ikakohoa mara tatu, ikatoa moshi, ikanyamaza kabisa.

“Hata injini imeokoka,” akasema Masanja.

Lakini kosa kubwa kuliko yote halikuhusu redio, mafuta wala panya. Lilihusu adabu.

Nilikuwa nimejifunza kurusha kwa shida. Ugumu wote uko pale ndege inapokuja kwako, maana kushoto kwake kunakuwa kulia kwako, na mkono wako unafanya kinyume cha unachotaka. Mzee Osmundi alivunja mbili ndipo akapata dawa: “Bawa likilalia upande, peleka kijiti upande huohuo lilipolalia, kama unalitegemeza lisianguke.” Hilo tu. Lishikeni, litawafaa siku hiyo droni itakapochoka kujirusha.

Basi Jumapili moja ndege iko juu, nzuri kabisa, Mzee Osmundi ameichonga miezi miwili, na mimi nimeanza kujiona. Akapita katekista wetu, mzee wa heshima zake, na baiskeli. Nami nimelelewa. Mzee kama yule humwamkii umesimama wima, mikono imejaa vitu. Nikaweka rimoti kwenye nyasi, nikainamisha mgongo, nikampa mikono miwili.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Hamjambo?”

Kabla sijajibu kama hatujambo, tulisikia kishindo. Katekista alisikitika kweli, akasema tumwombee marehemu.

Mzee Osmundi hakunigombeza. Alikusanya vipande, akaenda karakana, akarudi na rangi nyekundu, akaandika kwenye kifuniko cha sanduku la vifaa: HEWANI HAKUNA SHIKAMOO. Ikawa sheria. Mwenye rimoti haamkii mtu, haitiki, hageuki, awe amepita padre au mama yake mzazi. Ndege ikitua, ndipo anarudi kuwa mtoto wa watu.

Sheria nzuri. Iliniharibia maisha ndani ya mwezi mmoja.

Mnajua mimi na Eufrasia tulipakana baraza. Mwanamke anayekaa siku nzima anashonea ndege yako mabawa, na akichoma sindano vibaya anakulaumu wewe, huwezi kumkwepa muda mrefu, na mimi sikuwa na nia ya kumkwepa. Nilimpenda. Tukakubaliana, nikamtuma Mzee Osmundi awe mshenga kwa baba yake, Mzee Apolinari, mkulima wa mpunga Idete, ukoo wao wa upande wa Mahenge. Mzee Apolinari hakusema ndiyo wala hapana. Akasema atakuja mwenyewe, siku asiyoitaja, kumwona huyo fundi akiwa kazini.

Akaja Jumapili. Mimi niko katikati ya uwanja na rimoti, macho juu, ndege inakuja kwangu, bawa limelala. Nikasikia baiskeli inasimama nyuma yangu. Nikasikia mtu anakohoa.

Vijana, nyie mna milio ya simu. Sisi tulikuwa na kikohozi cha mzee. Kikohozi kile maana yake: nimefika, nimekuona, sasa mtoto anza kuamkia. Akakohoa tena. Masanja alikuwa ameenda kuzuia ng'ombe, Mzee Osmundi alikuwa mbali anapima upepo. Nikawaza ile sheria nyekundu, nikawaza katekista, nikabana meno. Sikugeuka. Nilipotua na kugeuka, niliona mgongo wa baiskeli unaishia barabarani.

“Nani yule?” nikamuuliza Masanja, aliyekuwa anarudi na ng'ombe.

“Yule? Si mkwe wako.”

Eufrasia alileta majibu kesho yake, amevimba macho. Baba amesema binti yake haendi kwa mtu anayetazama juu wakati wazazi wako chini. Nilimweleza habari ya katekista na habari ya sheria. Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Severini, hiyo sheria mliitunga wangapi?”

“Wanne. Na wewe ulikuwepo.”

“Basi mimi mjinga wa nne,” akasema, akarudi kwenye cherehani yake. Siku ile alikanyaga pedali kwa hasira mpaka mkanda ukakatika, na mimi redio niliyokuwa natengeneza nilifunga skrubu zote nikakuta spika iko nje.

Mzee Osmundi akaenda Idete kuomba radhi kwa niaba yangu. Alirudi jioni anatabasamu, nikapata matumaini ya bure.

“Amekubali?”

“Hajakubali. Ametoa kazi. Amesema, ‘Kama mwenye ndege hana nafasi ya kuniamkia, basi ndege yenyewe ije iniamkie.’”

“Mzee wangu, hiyo ni lugha ya kukataa. Anakukejeli.”

“Mimi ni seremala,” akasema. “Mtu akiniambia anataka kabati, simuulizi kama anatania. Napima.”

Na kweli akapima. Tulikuwa na injini moja iliyobaki na ndege ambayo mabawa yake yalikuwa yamechoka. Mpango ulikuwa hivi: ndege ije kwa kimo cha mgomba moja kwa moja kuelekea alipokaa mzee, ikifika mbele yake iinamishe pua, iinuke, ipite pembeni. Masanja alijitolea kuwa mkwe. Alisimama kwenye mabua amevaa kofia ya Mzee Osmundi, fimbo mkononi, anaitikia “marahaba” kwa sauti nzito kila ndege ikipita, na kama nimeinamisha kidogo anasema, “Hiyo ni ya shemeji, rudia ya mkwe.”

Angani tulifaulu. Taabu ilikuwa chini. Ndege ile ilizaliwa na ugonjwa: ikitua kwenye mabua, matairi ya ndala yanakwama, pua inachomeka, mkia unabaki juu. Mara tisa kati ya kumi. Mzee Osmundi alisogeza magurudumu mbele, akaongeza uzito nyuma, akatukana kwa Kipogoro, wapi. Tukasema potelea mbali, ataamkiwa angani, kutua tutatua mbali asikoona.

Mabawa mapya alivisha Eufrasia. Alikuja nayo karakana amefunga kwenye kanga, meupe, yanang'aa, kitambaa laini kuliko chochote tulichowahi kutumia. Nikamuuliza amekipata wapi.

“Bitana ya gauni langu la harusi,” akasema. “Kama haitavaliwa, basi na iruke.”

Niliogopa, nawaambia ukweli. Redio ya mtu ikinishinda namrudishia, nasema nimeshindwa. Ile sikuwa na wa kumrudishia.

Tulikwenda Idete Jumapili baada ya misa. Mzee Apolinari ametoa kiti chake, amekaa pembeni ya jaruba lililokwisha vunwa, suruali ya misa, fimbo katikati ya magoti. Wanawake nyuma yake, Eufrasia kati yao. Wote tulimwamkia vizuri tukiwa chini. Wenzangu aliwaitikia. Mimi hakuniitikia, alitazama sanduku letu la vifaa, akasoma maandishi mekundu polepole, akatikisa kichwa.

Nikapima redio hatua thelathini. Nikawasha. Ikapanda safi. Nikaizungusha mara moja ili nije nayo kumwelekea mzee, na hapohapo wakafika shangazi wawili kutoka barabarani. Na wao hawakuwa na rimoti. Wakaamkiana na mzee, wakaamkiana na wanawake, wakaulizana habari za nyumbani, za mbuzi, za mguu wa mtu fulani. Mzee hatazami juu wakati anaamkiwa. Ndio uungwana wake. Nami nazunguka. Nazunguka. Mafuta kwenye tangi yanapungua, shikamoo haziishi.

Mwishowe akatazama juu. Nikaigeuza, ikaja. Bawa la kushoto likalala, nikalitegemeza. Ikashuka hadi kimo cha mgomba, imenyooka, nyeupe, inavuma vizuri. Nikainamisha pua.

Ninyi mafundi mtanielewa. Tangi likiwa limejaa, inamisha utakavyo. Likiwa limebaki robo, ukiinamisha pua mafuta yote yanakimbilia mbele, na mrija unaonyonya uko nyuma. Unanyonya hewa. Injini ikazima.

Kulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia ng'ombe wanatafuna. Ndege inakuja, haina injini, mbele yake mzee kwenye kiti. Kulia kuna mfereji wa maji, kushoto wako wanawake. Mzee Osmundi akasema kwa sauti ndogo, “Iache inyooke. Usiivute.” Sikuivuta. Ikagusa mabua, ikakimbia juu ya ndala zake, ikakwama, ikachomeka pua, na mkia ukabaki juu. Hatua tatu mbele ya miguu ya Mzee Apolinari.

Mzee hakuwa amesogea hata kidogo. Aliitazama ile ndege iliyoinama mbele yake, pua ardhini, mabawa yametandazwa kama mikono miwili.

“Marahaba,” akasema.

Mzee Osmundi akanipiga kiwiko. “Iko chini. Amkia!”

Nikatupa rimoti, nikakimbia, nikainama mpaka kofia ikadondoka. “Shikamoo, baba!”

“Wewe subiri,” akasema. “Mimi nimeshaamkiwa.”

Shangazi walicheka mpaka wakakaa chini. Aliniacha nimeinama vilevile, kadiri ileile, nadhani, aliyosubiri siku ile nyuma ya mgongo wangu. Kisha akaniitikia, akamwambia Masanja ainue ndege, isikae hivyo, itaumia mgongo.

Eufrasia alibandua bitana yake, akaifua mara nyingi, akashonea gauni. Siku ya harusi chini ya kwapa ilikuwa bado ngumu kwa uji wa muhogo, na ukimkaribia unasikia mwarobaini. Panya hawakumgusa.

Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba kule kutua kulikuwa ufundi. Masanja alikuwa shahidi wangu, na shahidi mzuri, kwa kuwa kila mwaka alipunguza moja ya zile hatua tatu, mpaka ikawa ndege ilimgusa mzee kiatu. Mkwe wangu mwenyewe hakuwahi kubisha.

Alipougua ule ugonjwa wa mwisho, nilikuwa nakwenda kukaa naye mchana, namwekea redio. Siku moja akaniambia nizime.

“Siku ile, injini ilizima, sivyo?”

Nikaona hakuna haja tena. “Ilizima, baba.”

“Nilisikia. Ingeweza kunipasua. Mbona hukupiga kelele nisogee?”

“Ningekupigiaje kelele, baba, wakati hujaniitikia shikamoo?”

Alicheka. Alicheka vibaya, kifua kikamshika, akakohoa. Akapumzika, akakohoa tena, mara ya pili, na mimi mwili wangu ukajibu kabla ya akili. Niliinama, nikashika mkono wake kwa mikono yangu miwili.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba,” akasema. Sikusikia neno jingine kutoka kwake.

Kwa hiyo, vijana, ile droni yenu ikipita tena juu ya kibanda changu, sitaki picha wala maelezo ya mradi. Najua mna kazi, na najua sheria, niliishika mimi kabla yenu. Inamisheni pua kidogo tu, hata kama haina. Nitakuwa hapo nje na ungo wangu, na nitaitikia.